Doa Lisilopakwa Rangi

Wadogo zangu mnaojiandaa kuingia karakana, nawaandikia nikiwa mstaafu, na naomba msicheke. Kustaafu kwangu hakukuletwa na mvi, kuliletwa na kifua. Daktari aliyasikiliza mapafu yangu, akaniuliza kazi ninayofanya, nikamweleza habari za unga wa rangi na moshi wa kuchomelea. Akasema kati ya karakana na pumzi nichague kimoja. Wenzangu niliohitimu nao chuo cha ufundi ndio kwanza wanapandishwa vyeo, nami tayari nimekuwa mtu wa kusema, "Enzi zetu tulifanya hivi."

Karakana yetu ilikuwa Bariadi mjini, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza makasha ya mitambo. Mmeyaona hata kama hamkuyatazama: yale masanduku ya bati yanayofungwa ukutani kwenye viwanda vya kuchambua pamba, kwenye mashine za kukoboa mpunga na kwenye nyumba za pampu, yenye swichi na vitufe mlangoni na nyaya tumboni. Mtaani huitwa paneli. Wengi hudhani kilicho ndani ndicho chenye maana na kwamba kasha ni vazi tu. Mimi naamini kinyume, na imani hiyo imeninyima usingizi mara nyingi. Kasha ndilo linalomwambia mtu asiyejua umeme kwamba akigusa hapa hatakufa. Ukilitengeneza vibaya umemdanganya mtu ambaye hutamwona kamwe.

Aliyenipokea kazini aliitwa Fundi Jilala, mtu wa mabega mapana na sauti iliyozoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alinipa kipande cha bati nikate tundu la kupitishia waya. Nikakata, nikapiga tupa ukingo mpaka nikaridhika, nikampelekea. Hakulitazama. Alitoa mfukoni fumba la pamba mbichi, akalipitisha taratibu kuzunguka ukingo wa tundu. Nyuzi zikanasa, zikabaki zinaning'inia kama ndevu.

"Umeona, Injinia? Bati lako bado lina meno."

"Ni madogo sana, Fundi."

"Hata jino la panya ni dogo. Liulize gunia."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu. Pengine kwingineko wana vifaa vya kupimia ukali wa ukingo. Sisi tulikuwa na pamba, na pamba ya Simiyu haijawahi kumpendelea mtu. Kila tundu lilipitishiwa pamba, na lililonasa uzi mmoja lilirudi kwenye tupa. Waya unaopita kwenye tundu lenye meno haukatiki siku hiyo. Mashine hutetemeka, waya hutetemeka nayo, na ngozi yake huliwa kidogo kidogo hadi shaba ilaze ubavu wake kwenye bati. Kuanzia hapo kasha zima ni umeme uliosimama ukingoja mkono.

Msidhani Jilala hakukosea. Bati likikunjwa lina mpangilio wake: mkunjo upi uanze, upi ufuate na upi uwe wa mwisho. Ukivuruga mpangilio, kasha hujifunga likiwa bado limeuzunguka ubapa wa mashine ya kukunjia. Mwaka fulani, akiwa katikati ya kutusimulia jinsi vijana wa leo wasivyo na subira, Jilala alikunja ubavu wa mwisho kabla ya wakati wake. Kasha likaikumbatia mashine na kukataa kutoka. Karakana nzima ikasimama.

Mchomeleaji wetu, Maduhu, akaondoa kofia yake ya kuchomelea kwa heshima. "Fundi amefunga ndoa na mashine. Mahari tupeleke wapi?"

"Lete grinda, acha maneno!"

"Grinda ni talaka, Fundi. Tuwaite wazee kwanza."

Tulilikata kasha vipande viwili. Tangu hapo, kabla ya kukunja bati, Jilala alikunja kwanza karatasi ya boksi, akaishika mkononi na kuizungusha, midomo ikihesabu mikunjo. Nanyi fanyeni hivyo. Boksi ni rahisi, bati si rahisi.

Nije kwenye habari ya maji. Kasha la nje lazima lizuie mvua, vumbi na mijusi, na msiudharau mjusi, maana akijilaza juu ya ncha mbili za waya anaweza kuzima mashine nzima. Sisi tulilijaribu kila kasha kwa unga wa sembe. Tulinyunyiza unga ndani, tukafunga mlango, tukamwagia maji pande zote, tukafuta nje na kufungua. Mahali penye bonge la ugali ndipo mpira wa mlango haukukaa sawa. Kulikuwa na kasha la mashine ya kukoboa lililokwenda Mkula, ambalo kona yake moja ilitupatia ugali mara kwa mara, tukabadilisha mpira mpaka unga ukatoka mkavu. Lile kasha bado nalifikiria, maana sijui kama ile kona bado inazuia maji.

Sasa nifike kwenye rangi, kwa sababu rangi ndiyo iliyonifanya niandike.

Bati likishakunjwa, kuchomelewa, kusuguliwa na kuoshwa mafuta, hupuliziwa unga wa rangi, kisha huingizwa kwenye tanuri mpaka unga uyeyuke na kushika. Rangi huzuia kutu. Lakini rangi huzuia na umeme pia, na hapo ndipo penye mtego. Kila kasha lazima liwe na mahali pa kufungia waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaoteremka hadi ardhini. Umeme ukipotea njia na kuingia kwenye bati, waya huo huuteremsha ardhini na kuifanya swichi kuu ijizime. Kazi hiyo haifanyiki mpaka shaba iguse chuma kitupu. Kwa hiyo, kabla ya kupulizia rangi, sisi tulibandika utepe mahali hapo. Kasha likitoka kwenye tanuri, tulibandua utepe, na ndani ya kasha linalong'aa pakabaki doa la chuma kitupu, la kijivu, lisilovutia hata kidogo.

Kamati ya maji kutoka Mwamanyili ilituagiza kasha la pampu yao. Aliyekuja kulichukua alikuwa Nkwimba, mama wa makamo aliyeteuliwa kuwa mwendesha pampu. Alilizunguka kasha, akafungua mlango, akaweka kidole kwenye lile doa.

"Na hapa mlisahau?"

Nikamweleza yote, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba sakafu ya nyumba ya pampu huwa na maji kila mara, na kwamba yeye huingia peku kwa sababu ndala huteleza.

"Kwa hiyo hapa pasipopendeza ndipo panaponilinda mimi?"

"Ndiyo, mama. Msipake rangi hapo. Mkipaka, ni kama waya haupo."

"Wabeja, ng'wanone. Nimesikia." Hayo ni shukrani kwa Kisukuma, nami kuitwa mwanawe kulinifurahisha kuliko sifa yoyote ya chuoni.

Zikapita wiki. Asubuhi moja simu yangu ikalia kwa ujumbe wa picha. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Ng'wandu, alikuwa ananialika kwenye uzinduzi wa pampu siku hiyohiyo. Mgeni rasmi angekuja kubonyeza kitufe, na kijiji kilikuwa kimejiandaa. Mnajua sisi tunavyomwandalia mgeni rasmi: mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, na shina la mti hupakwa hadi kiunoni. Kwenye picha, nyumba ya pampu ilikuwa nyeupe kama yai, na kasha letu la kijivu lilikuwa limegeuzwa la bluu. Mlango uliachwa wazi ili nione kazi nzuri iliyofanyika. Ndani pia palikuwa bluu. Kila mahali palikuwa bluu. Waya wa kijani na njano ulikuwa umefungwa kwa boliti juu ya rangi.

Nilimpigia mzee. Nyuma yake muziki ulikuwa unanguruma.

"Mzee, naomba msiwashe pampu! Doa limepakwa rangi!"

"Ndiyo, limependeza sana! Karibu, mwanangu! Chakula kipo!"

Nikarudia. Akacheka kwa furaha, akakata simu. Ya Nkwimba haikupatikana.

Jilala aliitazama picha, akachukua ufunguo wa kirikuu, kile kigari cha mizigo cha karakana. Njiani kuelekea Lamadi hatukuelewana. Yeye aliona tusubiri mgeni aondoke, ndipo tukwangue.

"Mteja haaibishwi mbele ya mgeni wake, Injinia. Huo ni ugomvi wa ukoo mzima. Na pengine hakuna kitakachotokea."

"Pengine."

"Kasha linaweza kukaa na rangi hiyo mpaka lioze, mtu asidhurike."

"Linaweza."

"Basi mbona unakanyaga mafuta? Pedali iko upande wangu."

Nilikuwa naisukuma sakafu ya gari kwa mguu bila kujua. Nikamwambia ninachokiogopa: mgeni rasmi atabonyeza kitufe mara moja, akiwa na viatu vya ngozi, kisha ataondoka. Nkwimba atabonyeza kesho na keshokutwa, peku, kwenye maji. Mgeni akidhurika itatangazwa redioni. Nkwimba akidhurika ni msiba wa nyumba moja, na watu watasema siku zake zilikuwa zimefika. Jilala aliongeza mwendo, kisha akapunguza, kwa sababu kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara, na ng'ombe hawajui uzinduzi. Nilihesabu pembe ili nisilie.

Tulipopita Nyashimo tuliona watu wamejipanga kando ya barabara na vibendera. Mgeni alikuwa hajapita. Nilishukuru, kisha nikaogopa zaidi, kwani maana yake alikuwa nyuma yetu.

Mwamanyili palikuwa na turubai, viti vya plastiki, sufuria za pilau, na spika mbili kubwa kama makabati. Nkwimba alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya pampu, amevaa kitenge kipya, peku, na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Aliponiona, uso wake ukashuka.

"Niliwaambia, mwanangu. Wakasema mgeni hawezi kuonyeshwa baka."

Waya wa spika ulikuwa unatoka kwenye kasha. Fundi wa umeme, mtu wa kukodiwa ambaye alikuwa amekwisha kuondoka, alihitaji umeme wa muziki, na aliupata kwa kutoboa ubavu wa kasha kwa msumari mnene na kupitisha waya humo, bila raba ya kuukinga. Spika zilikuwa zinatikisa hata bati la paa. Waya ulikuwa unacheza ndani ya lile tundu kama uzi kwenye cherehani.

Nilimwomba Nkwimba atoke nje asiguse kitu. Nikasimama juu ya ubao mkavu na kuishusha swichi kuu ya ukutani.

Muziki ukakata. Ukimya wa kijiji kizima una uzito, wadogo zangu. Wapishi waligeuka. Watoto waliacha kucheza katikati ya hatua.

"Nani kazima?" Sauti ya Mzee Ng'wandu ilitoka chini ya turubai. "Nani kazima muziki?"

Nilipima kwanza kwa kipima umeme nikahakikisha hakuna kitu, kisha nikaweka mita, ncha moja kwenye waya wa ethi na nyingine kwenye chuma cha bawaba. Njia ikiwa wazi, mita hulia. Mita ilikaa kimya. Nikasogeza ncha mahali pengine, kimya. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa pale kama pambo. Nikamwomba Jilala pamba, akanipa fumba lake, nikalipitisha kwenye tundu la msumari. Lilinasa lote, sikuweza hata kulizungusha. Nikauvuta waya wa spika kuutazama: ngozi yake ilikuwa imekwanguka, nyembamba kama utando wa kitunguu. Shaba ilikuwa haijatokeza. Siwezi kuwaambia zilibaki nyimbo ngapi kabla haijatokeza.

Mzee Ng'wandu alikuwa anakuja kwa hatua ndefu, suti yake ikiwa na ua kifuani. "Binti! Mgeni yuko njiani, wewe unakuja kuchubua kasha letu?"

Nilikuwa na msasa mkononi. Nilijua nikianza kumweleza nitabishana, nikibishana muda utakwisha, na atairudisha swichi mwenyewe. Hapo ndipo Jilala, aliyekuwa amenikatalia njia nzima, alipofanya jambo ambalo hakuna chuo kingenifundisha. Alivua kofia, akasimama katikati ya mlango akauziba kwa mabega yake, na akasalimia.

"Mwadila, bhabha."

Mzee mwenye heshima zake hawezi kuiruka salamu ya mzee mwenzake. Ng'wandu akasimama. "Mwadila."

"Mhola?" Yaani, ni salama?

"Mhola duhu. Sasa huyu binti…"

"Na mama watoto, mhola?"

"Mhola. Ila huyu…"

"Watoto?"

"Wazima."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe wapo. Mzee mwenzangu…"

"Na mvua za huku? Maana kwetu Bariadi pamba imechelewa kuota."

Aliuliza habari za mbuzi, za kaka aliyehamia mbali, za mpunga, za goti. Nyuma ya mgongo wake nilifungua boliti na kusugua. Rangi ilikuwa bado changa, ikaviringika chini ya msasa kama nta. Bluu ikatoka, kijivu chetu kikatoka, kisha chuma kikaonekana, kidogo, halafu kikatosha. Niliukata waya wa spika na kuutoa, nikaziba tundu, nikafunga waya wa ethi na kukaza. Jilala alikuwa amefika kwa shemeji.

Mita ikalia. Mlio mwembamba, kama kifaranga. Nikasogeza ncha kwenye parafujo ya mlango, ikalia. Kwenye ile ya ubavuni, ikalia.

"Mhola," alimalizia Jilala, akavaa kofia, akatoka mlangoni.

Magari ya mgeni yaliingia wakati najipangusa vumbi la bluu. Nilimweleza Mzee Ng'wandu kwa kifupi kwamba pampu iko salama ila spika haziwezi kuwaka, na alinitazama jinsi mtu anavyomtazama aliyemwaga mchuzi wa harusi. Mgeni alihutubia kwa koo lake, nyuma hawakusikia. Kisha wakaingia kubonyeza kitufe. Kabla hajabonyeza, Nkwimba alisogea kama anayempisha, akaweka kiganja chake chote kwenye mlango wa kasha, akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hakukiondoa. Mgeni akabonyeza, pampu ikanguruma, maji yakatoka, vigelegele vikapigwa, na kile kiganja kikabaki palepale. Sijawahi kuogopa hivyo, hata baada ya kuisikia mita.

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo zao letu kazi ikifanyika vizuri, wala haliwezi kuwekwa mezani likaonekana. Mzee Ng'wandu aliendelea kusimulia habari za binti wa Bariadi aliyezima muziki na kukwangua kasha siku ya mgeni, na kasha lililofuata waliagiza kwingine. Jilala alisema tu, "Ungewaachia hata kipaza sauti," kisha akacheka mpaka akakohoa.

Baada ya hapo tulibadili namna yetu. Tukaanza kulizungushia doa duara jekundu lenye neno USIPAKE. Mteja mmoja alilipaka rangi duara na neno lenyewe, kwa usafi. Ndipo nilipojua kwamba maandishi hayatoshi. Mtafuteni mtu ambaye mkono wake utaligusa kasha kila siku, mwelezeni yeye, na hakikisheni ameuliza swali. Asipouliza, hajasikia.

Mwaka huu, nikiwa tayari nimestaafu, nilipita Mwamanyili. Walikuwa wanatarajia mgeni mwingine. Mawe yalikuwa meupe, na kasha sasa lilikuwa la kijani. Mwendesha pampu alikuwa msichana nisiyemfahamu wala yeye hakunifahamu. Nkwimba, aliniambia, ndiye mwenyekiti wa kamati siku hizi, na alikuwa shambani. Nikaomba kuona ndani, akanifungulia. Kijani kila mahali, na katikati yake doa la chuma kitupu, limepakwa grisi lisipate kutu, waya wa ethi umekazwa juu yake.

"Hapa mmesahau kupaka," nikasema.

Alinitazama kwa mashaka, akafunga mlango nusu. "Hapo hapapakwi, dada. Mama Nkwimba alisema atakayepaka hapo, yeye ndiye ataligusa kasha kwanza. Mpaka leo hajapatikana."

Usiku huo nililala usingizi kamili. Uliofuata nikakumbuka kasha la Mkula na ile kona yake.